Kuchagua bloku ya injini ya nguvu ukiwa Tanga

Kwenye vijiwe vya gereji hapa Ngamiani, mtu akisema anataka gari lenye nguvu, mabishano ni yale yale: 1JZ au 2JZ, zile injini za Toyota za silinda sita? Swali si baya, ila limeruka hatua. Kabla ya kutaja jina la injini, jua unataka nguvu farasi ngapi, gari litafanya kazi gani, na karakana ya kuchonga unayoweza kuifikia ina vifaa gani. Ukishapata majibu hayo, nusu ya majina yanajifuta yenyewe.

Kinachotenganisha bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, kwanza ni chuma na alumini. Familia ya JZ, 3S ya Toyota na 4G63 ya Mitsubishi ni chuma. 1NZ, 1ZZ, 1UZ, EJ ya Subaru na 4B11 ya Mitsubishi Evo X ni alumini. Alumini ni nyepesi, na gari jepesi puani hukata kona vizuri, hilo halina ubishi. Ila chuma husamehe mengi. Silinda ikichakaa unaichonga, unaweka pistoni za oversaizi, unaendelea. 1NZ-FE iliyojaa kwenye Vitz, IST na Raum ina slivu (mikebe ya chuma inayotengeneza ukuta wa silinda) nyembamba zilizosubiwa ndani ya alumini, na Toyota hawakuikusudia ichongwe. Kila wiki kuna kijana anauliza kuhusu kuifunga tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini kwa presha. Inafungika kwa presha ndogo, lakini silinda ikishakwaruzika, kinachobaki ni kutafuta bloku nyingine au kuweka slivu mpya kwa mashine ya uhakika. EJ nayo bloku yake ni vipande viwili. Ili ichongwe sawasawa, vipande hivyo lazima vifungwe pamoja kwa toki (nguvu ya kukaza bolti) kamili, na mabamba ya kukazia, yale mazito yanayofungwa mahali pa hedi wakati wa kuchonga, yawekwe pande zote mbili. Kama karakana yako haina mabamba hayo, usiwapelekee EJ hata wakikupa bei ya urafiki.

Ndiyo maana kwa wengi wa huku jibu huishia kwenye JZ. Tuzitenganishe, maana zinauzwa kwa kuchanganywa. 1JZ-GTE ni cc 2,492, kipenyo cha silinda milimita 86 na mwendo wa pistoni 71.5. 2JZ ni cc 2,997, kipenyo hicho hicho 86 lakini mwendo 86. Bloku ya 1JZ ni fupi kwa kimo, kwa hiyo anayekuambia utaweka krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ya 2JZ ndani ya 1JZ na mambo yaende bila kugusa kingine, mwache aendelee na chai yake. 2JZ-GTE ilitoka kiwandani na tabo mbili, kompresheni (kiwango cha kubana hewa na petroli ndani ya silinda) 8.5 kwa 1, na vinyunyizio vya oili chini ya pistoni. 2JZ-GE haina tabo, kompresheni yake ya zamani ni 10 kwa 1, na vinyunyizio hivyo haina. Chuma cha bloku ni kile kile kigumu chenye beringi saba za krenki.

Kwa mtu anayelenga nguvu farasi 350 hadi 400 hivi, 2JZ-GE nzima ni chaguo la akili kuliko GTE iliyochoka inayouzwa kwa sifa za jina. Gasketi nene ya chuma ya tabaka kadhaa hushusha kompresheni: kila milimita 1 unayoongeza juu ya unene wa awali huitoa kwenye 10 hadi kama 9.1. Hapo petroli ya pampu inavumilika, mradi presha ya tabo ibaki ya kiasi na anayetuni anajua kazi. Ukitaka kuvuka hapo, panga kubadili konrodi (vyuma vinavyounga pistoni na krenki) na pistoni, na zile konrodi nyembamba za GE ya VVT-i, yenye mfumo wa kubadili muda wa valvu, usizibebeshe mzigo. Bloku yenyewe haitakulalamikia. Duniani kuna 2JZ zinazotoa zaidi ya nguvu farasi 1,000 kwenye bloku ya kiwandani.

1JZ-FSE na 2JZ-FSE za D4 ziache. Zimejaa kwenye Mark II, Crown na Brevis, bei yake inavutia, lakini mfumo wake wa kunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda unakugeuzia kazi nyepesi kuwa mradi wa mwaka.

Sasa sehemu ambayo pesa huokolewa au kuteketea: ukaguzi kabla ya kulipa. Uwe unanunua Gerezani Dar es Salaam au unaleta kutoka Mombasa kwa njia ya Horohoro, usikubali kuuziwa injini iliyofungwa kwa neno la "ilikuwa inawaka". Kuwaka hakuonyeshi kitu kwa mtu anayetaka bloku. Kubalianeni hedi (kichwa cha juu ya silinda) na sampu (bakuli la oili la chini) vifunguliwe mbele yako. Muuzaji akikataa, geuza. Beba tochi, fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), rula ya chuma iliyonyooka na kitambaa cheupe.

Anza na kucha. Pitisha ukucha ndani ya silinda kutoka chini kwenda juu. Karibu na mdomo, pale ringi ya kwanza inapogeuzia, kuna ngazi. Ikiwa ukucha unapita kwa kuhisi tu, silinda bado ina maisha. Ukucha ukikwama, silinda hiyo inakwenda kuchongwa, na bei ishuke kwa kadiri hiyo. Mikwaruzo ya wima inayokamata ukucha ni dalili kwamba pistoni ilipata joto kupita kiasi au iliendeshwa bila oili.

Kisha weka rula juu ya uso wa bloku: kwa urefu, kwa upana, na kwa kukatiza kona hadi kona. Jaribu kupitisha fila ya milimita 0.05 chini yake. Kwa injini hizi za Toyota, huo ndio ukomo. Ikipita, uso lazima usagwe kwa mashine. Hapa kuna uharibifu unaofanyika sana mitaani, yaani kusaga uso kwa msasa uliozungushiwa ubao. Unang'aa, ndiyo, lakini una mabonde yasiyoonekana kwa jicho, na gasketi ya tabaka za chuma haisamehi mabonde. Baada ya muda mfupi, moto wa silinda unaingia kwenye maji, rejeta inatapika, lawama anapewa aliyetuni.

Mulika tochi kwenye njia za maji. Kutu nyepesi ya rangi ya kahawia ni kawaida kwa chuma. Magamba yanayobanduka na matope mekundu maana yake injini ilikunywa maji matupu kwa miaka, na kuta zimeliwa kwa ndani kwenye upande usioweza kuupima kwa geji. Tazama pia plagi za maji ubavuni: zikiwa zimeoza, za ndani zina hali mbaya zaidi.

Chini, sukuma krenki mbele na nyuma kwa bisibisi kubwa na upime mchezo wake. Kwenye JZ ukomo ni milimita 0.30. Vua kofia moja ya beringi uangalie. Shaba ikianza kuonekana, hesabu krenki kusagwa. Kofia zote ziwe na namba zake na mishale yake, maana kofia zilichongwa zikiwa kwenye bloku hiyo hiyo. Iliyotoka bloku nyingine haitakaa sawa hata ifanane vipi.

Ukifika karakana, silinda hupimwa kwa geji ya ndani mara sita kila moja: juu, katikati na chini, kwa kufuata krenki na kwa kuikatiza. Kipenyo cha kiwandani cha 2JZ ni 86.000 hadi 86.013. Tofauti kati ya pande mbili inakuambia silinda imekuwa yai kiasi gani. Tofauti ya juu na chini inakuambia imekuwa faneli kiasi gani. Omba waandike vipimo vyote kwenye karatasi. Fundi anayekataa kuandika hajapima.

Bloku ipimwe pia nyufa: funga njia za maji, jaza maji ya moto, weka presha ya baa 3 hivi, subiri. Kwa alumini, zile kopo za rangi nyekundu wanazotumia wachomeleaji kukagua weldi zinafaa sana kwenye maeneo ya kati ya silinda na mashimo ya bolti.

Kuhusu kuchonga, nunua pistoni kwanza. Agizo hili linavunjwa kila siku. Watu wanachonga hadi 87 halafu wanakuta zinazopatikana ni za 86.5. Fundi anatakiwa apime kila pistoni mkononi na achonge silinda yake kwa kuifuata. Na usichonge zaidi ya inavyohitajika kwa tamaa ya cc: 2JZ ikitoka 86 kwenda 86.5 inapata cc 35 tu, na ukienda 87 unapata 70. Hiyo si nguvu utakayoihisi, ila unene wa ukuta ulioupoteza haurudi. Nafasi kati ya pistoni za kufuliwa na ukuta huwa kubwa kuliko za kiwandani. Fuata karatasi iliyokuja na pistoni, usifuate mazoea. Kazi ya mwisho ya kukwangua mistari ya kukatiza ifanyike bamba la kukazia likiwa limefungwa kwa toki ya hedi, kwa sababu silinda hubadilika umbo hedi inapokazwa.

Ringi za juu kwa injini ya tabo hazitaki kubanana. Kwa silinda ya 86, anza na pengo la milimita 0.43 kati ya ncha za ringi kwa matumizi ya barabarani, na 0.52 kwa presha kubwa. Pengo likiwa dogo, ncha hukutana ringi inapopata moto, na ukuta wa pistoni hung'oka. Wengi huita hilo "injini imenoki" na kulaumu petroli.

Kabla ya kufunga stadi za hedi (bolti ndefu zinazoikaza), kausha mashimo yake kwa upepo. Oili au maji yakibaki chini ya shimo, stadi ikizamishwa hayana pa kutokea, na bloku inapasuka mbele ya macho yako.

Yapo mambo ya huku pwani ambayo video za ughaibuni hazitayasema. Bloku iliyotoka kuchongwa ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kwa burashi, mpaka kitambaa cheupe chenye oili kitoke safi kwenye silinda. Petroli peke yake huacha unga wa jiwe ndani ya mistari. Ikaushwe na kupakwa oili saa hiyo hiyo, kisha ifungwe kwenye nailoni nene. Hewa ya bahari hapa hupandisha kutu kwenye chuma kitupu siku ile ile. Maji ya kisima yenye chumvi yasiingie kwenye rejeta kabisa. Tumia maji yaliyosafishwa pamoja na kulanti yenye kinga ya kutu. Na gari lililotuniwa Arusha, mita kama 1,400 juu ya bahari, litunie upya likishuka huku. Hewa ya Tanga ni nzito zaidi, kwa hiyo mafuta na muda wa cheche vilivyokuwa sawa kule vinaweza kuvunja pistoni kwenye mnyooko wa Segera.

Mwisho, karatasi. Risiti ya bloku iwe na namba ya injini inayosomeka, na mabadiliko yaandikwe kwenye kadi ya gari kupitia TRA kabla hujaanza kuliendesha. Namba iliyosagwa au kupigwa upya usiiguse, hata silinda zake ziwe kama kioo.