Chapati yangu ya mwisho kabla ya Pasaka ya shosho

2019 nilikuwa Baltimore, Marekani, nikiishi na shosho mmoja Myahudi niliyekuwa namtunza, wale washika dini kabisa, na mwaka huo Pasaka yao iliingia jioni ya tarehe 19 Aprili ambayo kwetu ilikuwa Ijumaa Kuu. Kazi ilianza mapema sana. Chochote cha ngano, shayiri na nafaka za aina hiyo kilichochacha wanaita hametsi, na kwa zile siku nane si kutokula tu, ata kukimiliki hairuhusiwi. Vyombo vya kila siku, vya nyama na vya maziwa (hivyo havichanganywi mwaka mzima), tulivifungia kwa kabati na seloteipu, wiski ya marehemu mzee ikauziwa mtu asiye Myahudi kupitia rabi, kwa mkataba kabisa, alafu zikashushwa sufuria za Pasaka. Mimi nilikuwa chini ya meza na kijiti cha meno natoa makombo kwa nyufa.

Kilichonishangaza ni kwamba ata chapati ni hametsi. Nikamwambia, shosho, lakini hii haina hamira! Akasema, "Binti yangu, unga wa ngano ukishaguswa na maji una dakika 18, zikipita haujaokwa umeshaharibika kwetu." Na chapati unaijua, unakanda, unafunika, unaacha unga upumzike ndio zitoke laini, wakati matza yao, ule mkate bapa usiochacha wa Pasaka, inakandwa mbio mbio inaingia motoni. Unga wangu wa ugali haukutupwa maana mahindi si hametsi, ila Wayahudi wa asili ya Ulaya kama yeye hawali mahindi, mchele wala maharagwe Pasaka, kwa hivyo ukakaa chumbani kwangu umefungwa. Mkwe wake ana asili ya Moroko, kwake wali unaliwa, lakini akija kwa shosho anafuata ya shosho.

Alhamisi usiku kuna kutafuta hametsi kwa mshumaa, na kunafichwa vipande kumi vya mkate ili kitu kipatikane. Mkate ulishaisha, imebaki chapati yangu moja. Akasema kata hiyo. Nikakata, kila kipande kwa karatasi yake, mjukuu akazima taa wakapita vyumba vyote na unyoya na kijiko cha mbao, wakapata vyote. Alafu shosho akasoma maneno ya Kiaramu kwamba hametsi yoyote ambayo hajaiona ihesabiwe kama mavumbi ya ardhi. Hapo aliniingia moyoni, maana baada ya kusugua kote huko bado anakubali jicho la mtu halioni yote.

Asubuhi chapati ilichomwa nje kwa debe. Sabato nayo inaingia jioni ile ile, lazima kila kitu kiive kabla jua halijazama. Kupika nilipika mimi, supu ya kuku, viazi, mayai, ila moto anawasha Myahudi, na shosho hakukubali mjukuu amsaidie. Kila nikihitaji jiko aliinuka na woka yake, ile fremu ya kutembelea, polepole, akageuza kitufe, akangoja aone moto umeshika, ndio aniambie haya endelea.

Usiku nilikaa karibu naye. Mila ni vikombe vinne vya divai, daktari alishamkataza kwa sababu ya dawa za presha, basi ikawa juisi ya zabibu, na vyote vinne alivimaliza, cha mwisho ikiwa imeshapita saa sita usiku.