Onyo limfikie hata muuza samaki wa sambaza

Yaya yangu (ndugu yangu mkubwa) wa Dar es Salaam hunitania kwamba sisi watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, tsunami haituhusu. Kweli, bahari iko mbali. Lakini habari hizo nazifuatilia kuliko mpira.

Desemba 26, 2004, zaidi ya watu 220,000 walikufa kandokando ya Bahari ya Hindi. Somalia mawimbi yalifika saa kadhaa baada ya tetemeko la Sumatra. Saa kadhaa nzima! Hakukuwa na mfumo wa kumwambia mvuvi aondoke ufukweni. Serikali zikakaa pamoja, na tangu 2011 Australia, India na Indonesia hutoa taarifa za onyo kwa nchi zinazopakana na bahari hiyo.

Nikisoma hayo nakumbuka Mei 22, 2021. Sisi onyo letu lilikuwa mbingu nyekundu juu ya volkano yetu, Nyiragongo, basi, watu mbio. Lava ikasimama Buhene, pembeni mwa mji. Mei 27 ndipo tangazo likatoka alfajiri: mitaa 10 ihame. Barabara ya Sake ilijaa. Niliona chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, imebeba godoro, masufuria, na bibi amekaa juu kabisa ameshika kuku. Angalau safari hiyo tuliambiwa tuelekee wapi.

Mabango ya rangi ya onyo la volkano tunayo mjini, kijani mpaka nyekundu. Lakini mama anayeuza sambaza pale soko la Kituku, njano inamtaka afanye nini? Mtaani kwenu mmewahi kufanya mazoezi ya kuhama? Niambieni, nauliza kweli.