Nusu ya pili ya amri

Mwisho wa muhula uliopita, kwenye kikao cha wazazi, mama mmoja alisimama na daftari la mwanawe mkononi. "Mwalimu, samahani, naomba kuuliza," akasema. "Mtoto wangu ana vipindi vya katekisimo kila wiki, na hesabu bado zinampiga chenga. Kwa nini vipindi hivyo visihamishiwe kwenye hesabu? Dini si atafundishwa Jumapili kanisani?"

Wazazi kadhaa walitikisa vichwa kukubaliana naye. Nilimjibu kwa kifupi, maana ajenda zilikuwa bado nyingi na mwalimu mkuu alishaanza kuangalia saa. Lakini swali lake lilikuwa la haki, na mzazi anayemkabidhi mwanawe kwa shule ya msingi ya Kilutheri anastahili jibu refu kuliko lile nililompa. Nafundisha darasa la nne, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Nimekaa nalo swali hilo likizo nzima.

Nianze na kukariri, kwa sababu ndiko kunakowakera wengi. Ni kweli, watoto wangu wanakariri. Kila wiki wanapewa kipande cha Katekisimo Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani alichokiandika Martin Luther, Mjerumani ambaye kanisa letu linaitwa kwa jina lake, labda amri moja na maelezo yake, na wanakisema mbele yangu mmoja mmoja, neno kwa neno. Siwaruhusu kubadilisha maneno. Huo si ukali wangu, ni ushauri wa Luther mwenyewe katika utangulizi wa kitabu hicho, mwaka 1529. Anawaambia wachungaji wachague namna moja ya maneno na kuishika mwaka hadi mwaka, kwa sababu mtoto akifundishwa leo hivi na kesho vile anachanganyikiwa, na jasho lote linapotea bure. Kwanza maneno yenyewe, halafu maana, halafu mafundisho mapana zaidi. Aliyaandika hayo baada ya kutembelea sharika za Saxony, huko Ujerumani, na kukuta Wakristo waliobatizwa, wanaokaribia meza ya Bwana, lakini hata Baba Yetu hawaijui. Kabla haijawa kitabu, sehemu za katekisimo hiyo zilichapishwa kwenye mabango ya kubandikwa ukutani, na kila sehemu ina kichwa kinachosema hivi ndivyo mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Kwa hiyo Jumapili peke yake haikutosha hata wakati ule.

Ila kuna kosa, na nimelifanya miaka yangu ya mwanzo: kufurahia mtoto anayetiririka kama maji bila kumuuliza kitu. Katekisimo yenyewe hairuhusu hilo. Baada ya kila amri inauliza, "Maana yake nini?" Nilikuwa nalisoma swali hilo kama kichwa cha habari tu na kupita. Bikari ndiyo iliyonifundisha.

Ilipotea darasani mwaka juzi. Ilikuwa mpya, ya chuma, mvulana mmoja ameletewa na mjomba wake, na tangu asubuhi alikuwa akichora nayo duara kwenye kila karatasi aliyoipata. Kengele ya mapumziko haijalia, darasa zima lilishampata mwizi: mvulana mgeni, aliyehamia kwetu wiki tatu kabla, anayekaa nyuma karibu na dirisha. Hakuna aliyemwona. Alikuwa tu hana bikari, na alikuwa mgeni. Nami nakiri, niliinuka kwenda kupekua mkoba wake. Ameushika kwa mikono miwili kifuani, hasemi kitu. Ndipo msichana wa dawati la mbele akasema, taratibu, kama anayejikumbusha mwenyewe: "Mwalimu, bali tumtetee."

Ilikuwa amri ya nane. Tulikuwa tumeimaliza siku chache tu kabla. Usimshuhudie jirani yako uongo. Maana yake, tusimsingizie, tusimsaliti, tusimchafulie jina, bali tumtetee, tumseme vizuri, na mambo yake yote tuyaeleze kwa upande wa wema. Nilirudi mezani kwangu. Nikauliza nani ana jambo zuri la kusema juu ya mwenzetu huyu. Kimya kirefu. Aliyevunja kimya ni mwenye bikari, huku machozi yanamlenga: "Jana aliazima rula yangu. Alinirudishia."

Bikari haikuonekana mpaka leo.

Tangu siku hiyo neno *bali* nalipigia mstari ubaoni kwa chaki nyekundu. Amri nyingi, Luther amezieleza kwa nusu mbili. Usiue: tusimdhuru jirani mwilini mwake, bali tumsaidie katika mahitaji yote ya mwili. Usiibe: tusichukue mali yake kwa hila, bali tumsaidie kuilinda na kuiendeleza riziki yake. Mtoto ambaye hajaiba chochote bado ana kazi ya kufanya katika amri ya saba. Watoto wa miaka tisa na kumi wanaielewa nusu ya kwanza haraka sana, wanaishika kama sheria za mpira. Nusu ya pili ndiyo inayowashangaza, na ndiyo inayotaka muda kwenye ratiba. Huwezi kuifundisha kwa dakika kumi za tangazo la asubuhi.

Kuna jambo dogo linalowasumbua wazazi waliotoka madhehebu mengine, niliseme hapa. Mtoto akifika nyumbani na kusema usizini ni amri ya sita, msimsahihishe. Sisi na Wakatoliki tunahesabu kwa namna iliyomfuata Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale. Waanglikana na makanisa ya Kireformati wanaihesabu ile ya sanamu kuwa amri ya pili peke yake, hivyo zinazofuata zinasogea, na tamaa inabaki amri moja pale ambapo sisi tuna mbili. Biblia inasema ni maneno kumi, haikuyapa namba. Kila mwaka napata barua mbili tatu kuhusu hili.

Sasa masomo mengine. Siamini katika hesabu ya kidini. Nimeona vitabu vinavyomtaka mtoto ajumlishe wanyama wa safina ili somo lionekane la Kikristo, na sioni faida yake kwa hesabu wala kwa imani. Saba mara nane ni hamsini na sita kwa kila mtu. Mtoto wa shule yetu anastahili kuijua vizuri, kwa sababu ipo siku atapima dawa au atajenga ukuta, na jirani yake ndiye atakayeumia akikosea. Walutheri tunaliita jambo hilo wito: kazi ya fundi na ya mama wa nyumbani ni utumishi mbele za Mungu sawa na ya mchungaji. Hiyo inanitosha kuwa sababu ya kufundisha hesabu kwa bidii.

Lakini kuna mahali ambapo mambo yanakutana yenyewe. Kwenye sayansi, tukifika milango ya fahamu, nafunga mapazia na kuwagawia tochi ndogo na vioo. Kila mmoja anajitazama jicho lake gizani kidogo, kisha anasogeza mwanga pembeni, aone mboni inavyojibana ikawa ndogo kama punje, halafu inapanuka tena mwanga ukiondoka. Wanapiga kelele. Wanarudia mara kumi. Muhula huohuo wanajifunza sehemu ya kwanza ya Imani, yaani ungamo la imani, pamoja na maelezo ya Luther yanayosema Mungu ameniumba mimi, amenipa macho, masikio na viungo vyote, akili na fahamu zote, na bado anavitunza. Sisemi chochote kuunganisha. Mwaka huu mvulana mmoja alisimama kulisema fungu hilo, alipofika "macho" akasita, akagusa kope yake, akaendelea.

Kuimba pia kuna watu wanaotaka kukupunguza. Hapo siwezi kukubali hata kidogo. Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani wafungue shule, akawaambia fedha nyingi kiasi kile zinakwenda kwenye bunduki, barabara na madaraja, kwa nini zisiende pia kwa vijana? Katika barua hiyo anasema angekuwa na watoto angewasomesha lugha na historia, na pia kuimba, muziki na hesabu yote. Hakuwa hata ameoa bado. Miaka minne baadaye Melanchthon, mwenzake Luther katika kazi, akaandika utaratibu wa shule za Saxony: watoto wapangwe makundi matatu kwa uwezo wao, wasilemewe na wingi wa masomo, na kila siku saa ya kwanza baada ya adhuhuri wote, wakubwa kwa wadogo, wafanye muziki. Kila siku. Sisi tuna vipindi viwili tu kwa wiki, na ndivyo vinavyowindwa kila ratiba inapopangwa upya. Mtoto anayeshindwa kusoma mbele za watu nimemwona akiimba beti nne bila kukwama, na kusoma kwake kukaanzia hapo.

Kwa yule mama, nilimpigia simu wiki ya kwanza ya muhula huu. Alidhani nimepiga kulalamika. Tumekubaliana mwanawe abaki nusu saa baada ya kengele, Jumanne na Alhamisi. Shida yake haikuwa hesabu zote, ilikuwa hesabu za sehemu, kama theluthi na robo: anajumlisha asili na asili, kiasi na kiasi, bila kutafuta asili ya pamoja. Juzi tulikata karatasi vipande, theluthi huku, robo kule, akavipanga juu ya dawati mpaka akaona mwenyewe kwamba havijumlishiki hivyo. Kesho ana amri ya nne ya kusema, na mama yake ameniambia wanaifanyia mazoezi pamoja jioni.