Patanisho ikianza, gari zima hunyamaza

Kwenye matatu ya Rongai, dereva akifungulia Radio Jambo, hata waliovaa vipokea sauti huvivua. Ni kipindi cha Gidi na Ghost Asubuhi. Gidi ni yule wa kundi la muziki la Gidi Gidi Maji Maji waliotikisa nchi 2002. Ghost Mulee ndiye aliyeipeleka Harambee Stars, timu ya soka ya taifa ya Kenya, AFCON ya 2004 kule Tunisia. Mwanamuziki na kocha, studio moja! Wageni mastaa na muziki navipenda, lakini kwangu Patanisho, sehemu ya kupatanisha waliokosana, ndiyo roho ya kipindi. Mume anaomba msamaha, mke anapigiwa simu hewani, inaita... Juzi mama mmoja nyuma yangu akafoka, "Usikubali, dada!" Mke akasema atarudi Jumamosi. Makanga akaligonga bodi kwa furaha.