Kile kimstari cha kipimo cha malaria

Juzi mdogo wangu karudi Uyole kutoka Kyela anatetemeka, na siyo baridi yetu hii, ni homa. Kapimwa, tone moja la damu kidoleni, vikatokea vimistari viwili. Akaniuliza, kaka, hicho kimeona nini?

Kimeona antijeni, yaani protini ya kijidudu cha malaria chenyewe kinayoimwaga kwenye damu, ndo maana hata ukimaliza dozi kinaweza kusoma bado una malaria wiki kadhaa, kijidudu kishakufa ila protini yake inazunguka. Sasa kile cha haraka cha VVU kilichozoeleka chenyewe kinatafuta kingamwili, hizo ni zako, mwili umezitengeneza baada ya kumwona mgeni, zina umbo la herufi Y na ncha mbili za juu ndo zinamnasa mgeni wake tu. Kuzitengeneza kunachukua wiki kadhaa, ukiwahi sana kupima utaambiwa huna kumbe unavyo.

Na mtoto wa mama mwenye VVU jamani, anazaliwa na kingamwili za mama zilizopita kwenye kondo, zinaweza kukaa hata miezi 18, kwa hiyo kipimo hicho kikisoma siyo lazima kaambukizwa, inabidi atafutwe kirusi chenyewe. Hili linaniuma, mama anaweza kulia usiku kucha kwa kitu alichompa mwanae kumlinda.