Pale katikati ya nondo palipokunjwa

Nondo nyingi za Dar es Salaam hufika saiti zikiwa zimekunjwa katikati. Kiwandani zimetoka na urefu wa mita 12, na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, cha kuzipeleka Goba au Chanika hakiwezi kubeba urefu huo. Kwa hiyo vijana wa dukani huzipinda katikati, wanazifunga kwa waya, safari inaanza. Zikifika, fundi anakanyaga upande mmoja, anavuta mwingine, na nundu inayobaki anaipiga nyundo juu ya jiwe. Kuanzia hapo nondo inahesabiwa kuwa nzima. Hakuna anayeuliza pale katikati pamepatwa na nini, na mara nyingi pale katikati ndipo panapoishia chini ya boriti, katikati ya chumba, mahali ambapo nondo inavutwa kwa nguvu kuliko pote.

Tuanze na nondo ambayo haijaguswa. Chukua ya mm 12, daraja la 500, yaani chuma ambacho kila milimita ya mraba hubeba newtoni 500 kabla ya kusalimu amri. Eneo lake ni milimita za mraba 113, hivyo nondo nzima hubeba kilonewtoni 56 na ushee, karibu uzito wa tani 5.7. Ikivutwa hadi hapo, kila mita yake inarefuka milimita 2.5 tu, na ukiachia inarudi ilivyokuwa. Ukizidisha, urefu unaoongezeka ni wa kudumu. Kwa nondo ya 500 daraja B, viwango vya Uingereza vinataka urefuke walau asilimia 5 kabla mzigo haujafika kileleni, yaani milimita 50 kwa mita. Baada ya kilele ndipo nondo inapofanya shingo mahali pamoja na kukatika. Wanunuzi wengi huulizia nguvu. Mimi ningewaomba waulizie hizo milimita 50, kwa sababu ndizo zinazowapa watu muda wa kutoka nje.

Zege halina akiba hiyo. Likivutwa, hupasuka likiwa limerefuka kama milimita 0.1 tu kwa mita, na wakati huo nondo iliyo ndani yake imebeba newtoni 20 kati ya zile 500. Ndiyo maana nyufa nyembamba kama unywele chini ya boriti si ugonjwa: zege limeachia, nondo imepokea. Boriti iliyopangwa vizuri huwekewa nondo za kiasi, ili mzigo ukizidi nondo zisalimu amri kwanza. Boriti inashuka, nyufa zinapanuka, plasta inadondoka, milango inagoma kufunga. Ukijaza nondo kupita kiasi, chuma hakifiki kwenye kikomo chake. Zege la juu linapondeka kwanza, likiwa limebanwa kama milimita 3.5 kwa mita, na hilo halipigi hodi. Mwenye nyumba anayemwambia fundi “ongeza mbili nyingine iwe imara” anaweza kuwa ananunua boriti inayoanguka bila onyo. Idadi ya nondo ni ya mhandisi kupanga, kuongeza na kupunguza pia.

Sasa turudi kwenye kunjo. Chuma hakipindi kwa atomi zote kuhama kwa pamoja. Ndani ya kila punje ya chuma kuna mistari ya kasoro kwenye mpangilio wa atomi, na chuma hubadili umbo kwa mistari hiyo kuteleza, safu moja baada ya nyingine. Mwaka 1934 wanasayansi Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kivyake, walieleza jambo hili, na likajibu swali gumu: kwa nini vyuma husalimu amri kwa nguvu ndogo mno kuliko ile inayokadiriwa kwa kuangalia vifungo vya atomi peke yake. Ukikunja, kasoro hizo zinazaliana na kunasana. Zikishanasana hazitelezi kirahisi, na chuma kinakuwa kigumu zaidi. Jaribu na waya wa kufungia nondo: ukunje hapo hapo mara kadhaa, utahisi mkono unagoma, waya unapata joto, kisha unakatika. Ule ugumu ulioongezeka umelipiwa kwa uwezo wa kurefuka.

Kiasi kilicholipwa kinaweza kuhesabiwa. Chukua unene wa nondo, ugawe kwa jumla ya unene huo na kipenyo cha ndani cha kunjo. Nondo ya mm 12 iliyopindwa kwa duara pana la mm 300: 12 kwa 312, karibu asilimia 4 kwenye ngozi ya nje. Ikibanwa hadi duara la mm 60 ili ienee kwenye kirikuu: 12 kwa 72, karibu asilimia 17. Ikikunjwa hadi kati ya mikono miwili ibaki nafasi ya mm 12 tu, unafika asilimia 50. Haikatiki pale pale kwa sababu ngozi ya nje inashikiliwa na chuma cha ndani ambacho hakijavutika sana, lakini gharama imeshaingia. Viwango vinaruhusu kipenyo cha ndani cha kunjo kisichopungua mara nne ya unene kwa nondo hadi mm 16, na mara saba kwa zinazozidi hapo. Hayo ni asilimia 20 na 12.5. Na ruhusa hiyo ni ya kukunja mara moja na kuacha. Kunyoosha ni safari nyingine ya umbali ule ule, ya kurudi.

Safari ya kurudi ndiyo mbaya. Upande wa ndani wa kunjo ulikuwa umebanwa, vimbavu vya nondo, ile mistari iliyoinuka juu ya ngozi yake, vimekunjamana pale vinapokutana na mwili. Unaponyoosha, upande huo huo unavutwa kwa nguvu, na nyufa huanzia kwenye mizizi ya vimbavu. Fundi anayekagua upande wa nje anatafuta mahali pasipo. Kagua tumbo la kunjo: lisugue kwa brashi ya waya, paka mafuta ya taa, subiri dakika kumi na tano, futa hadi pakauke, kisha nyunyiza unga wa chaki. Ufa, hata usioonekana kwa macho, utarudisha mafuta na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Nondo yenye mstari huo ikatwe hapo hapo, bila mjadala.

Kuna adui mwingine anayefanya kazi kimya kimya, nao ni muda. Baada ya chuma kukunjwa, atomi za naitrojeni na kaboni zilizomo huhama polepole na kwenda kukaa kwenye zile kasoro, zikizifunga. Wiki na miezi ikipita, kunjo linakuwa gumu zaidi na rahisi kupasuka, na joto huharakisha uhamaji huo. Maabara hupima kwa kuiga: nondo inakunjwa nyuzi 90, inakaa saa moja kwenye joto la nyuzijoto 100, inapoa, halafu inarudishwa nyuzi 20. Haitakiwi kupasuka. Kwa hiyo kama lazima ufungue makunjo, fungua mzigo siku ulipofika, usiuache ukae msimu mzima nyuma ya banda.

Kunyoosha kwenyewe kuna namna. Nyundo inasukuma kunjo liwe vipindo viwili vidogo vyenye kona kali kando ya lile la kwanza, na nondo inabaki na mawimbi. Nondo yenye wimbi ikivutwa ndani ya boriti hutaka kunyooka, na inausukuma nje ufuniko wa zege. Tumia bomba refu kwenye meza ya kukunjia, fungua kidogo, sogea sentimita tano, fungua tena, hadi inyooke kwa hatua.

Lakini njia bora ni kulitupa kunjo. Vyumba vingi vya nyumba za kawaida vina upana wa mita 3 hadi 5. Kata sentimita 15 kila upande wa katikati, unabaki na vipande viwili vya mita 5.85 ambavyo havijawahi kupindwa. Umepoteza sentimita 30, ambazo kwa mm 12 ni kama gramu 270 za chuma. Pale nondo ndefu inapohitajika kweli, mwagize muuzaji alete zilizonyooka kwenye lori, na nondo za mm 16 kwenda juu usikubali kabisa zikunjwe. Bei ya usafiri itapanda. Ilipe.

Kuna mafundi wanaopasha moto kwa gesi ili kunjo lifunguke kirahisi. Usikubali. Nondo nyingi za sasa hupata nguvu yake kwa kupozwa ghafla na maji zikitoka kwenye roli za mashine ya kiwandani zikiwa nyekundu: ngozi inakuwa ngumu, kiini kinabaki laini. Ukikata kipande, ukakisugua kwa msasa laini na kukipaka tindikali ya nitriki iliyopunguzwa sana, utaona pete nyeusi imezunguka kiini cha kijivu. Ukiipasha hadi iwe nyekundu na kuiacha ipoe yenyewe, pete hiyo inapotea pamoja na nguvu uliyolipia. Ukiimwagia maji ipoe haraka, unaweza kupata kitu kinachovunjika kama kigae.

Ringi, zile nondo nyembamba zinazozungushwa kufunga nondo kuu, nazo zina hesabu ile ile. Mm 8 ikikunjwa kwenye pini ya mm 12 inafika asilimia 40. Weka pini ya mm 32.

Wakati umeshika tepu na msumeno, pima na uzito. Mita moja ya mm 12 iwe gramu 888, na viwango huvumilia pungufu ya asilimia 4.5. Ikiwa gramu 746, umeuziwa mm 11, na nguvu imepungua kwa asilimia 16 kabla hata ya kunjo.

Nimalizie na nondo zinazochungulia juu ya mapaa ya zege kuanzia Mbezi hadi Kigamboni, zikisubiri ghorofa la pili. Hizi hupata mateso yote kwa pamoja. Zinapindwa ili zisimchome mtu, zinakaa miaka kwenye upepo wa chumvi, halafu siku pesa ikipatikana zinanyooshwa na kuunganishwa. Kutu ya kahawia nyepesi inayotoka kwa brashi haina shida. Ile inayobanduka kwa magamba inachimba vishimo, na nondo yenye vishimo hupoteza uwezo wa kurefuka haraka kuliko inavyopoteza nguvu, kwa sababu mvutiko wote unakusanyika kwenye kishimo kimoja. Ziache zimenyooka, uzifunike kwa zege dhaifu la kuvunjika kirahisi baadaye. Kama zilishapindwa na kukaa, zikate chini ya kunjo. Ukibakiwa na chuma kizima cha mara 50 ya unene, yaani sentimita 60 kwa mm 12, unaweza kuunganisha hapo. Ukibakiwa na pungufu, mwite mhandisi apange mashimo mapya yatobolewe kwenye nguzo, yapulizwe vumbi lote, na nondo mpya zigandishwe kwa gundi ya epoksi kwa kina atakachokokotoa yeye.