Nilivyowatembeza wenzangu Harewood bila kuwachosha kwa majina ya malodi

Kamati ya jumuiya yetu ya Waswahili hapa Leeds, Uingereza, iliamua matembezi ya kiangazi yawe Harewood House, jumba la kilodi lililo kaskazini mwa mji, na kazi ya kueleza historia nikaangushiwa mimi. Msafara ulikuwa mchanganyiko: wazee wa Mombasa, akina mama wa Bukavu, vijana waliozaliwa hapa ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, na shangazi yangu aliyekuwa amekuja kutoka Tanga kunisalimia. Vitabu vya mwongozo vya majumba haya ninavijua. Lodi wa kwanza akamzaa wa pili, wa pili akaoa binti wa fulani. Watu wangu wangesinzia kabla hatujafika ngazi za mbele.

Nikaamua kuacha ukoo, nifuate pesa. Kwa Harewood hilo si gumu. Lodi wa sasa, David Lascelles, huzungumza hadharani kwamba utajiri wa familia yake ulitokana na utumwa, na ile kanzidata ya UCL, chuo kikuu cha London, inayoonyesha wamiliki wa watumwa waliolipwa fidia inasomwa bure mtandaoni. Jioni nikitoka kazini nilikaa nayo na daftari, nikiandika mkono wa kushoto yaliyotokea Yorkshire, jimbo letu hili, na mkono wa kulia yaliyotokea Karibiani. Mikono miwili ilipokaa sambamba, simulizi likajipanga lenyewe.

Mwanzo wake ni Henry Lascelles, mtu wa Yorkshire aliyekwenda Barbados na kuwa mkusanyaji wa ushuru wa forodha Bridgetown. Pembeni ya ushuru alifanya biashara ya sukari na ya watumwa, na aliwakopesha wenye mashamba. Mwaka 1738 akanunua ardhi ya Harewood na Gawthorpe. Alipofariki mwaka 1753, mwanawe Edwin akarithi, na mwaka 1759 ujenzi wa jumba jipya ukaanza. Msanifu alikuwa John Carr wa York. Ndani wakamwita Robert Adam, fundi wa mapambo aliyekuwa akigombewa na matajiri wa enzi ile, na samani wakampa Thomas Chippendale, ambaye kwao ni Otley, si mbali na hapo. Edwin alihamia mwaka 1771. Mbunifu wa bustani, Lancelot Brown, yule aitwaye "Capability", naye akaanza kazi yake kubwa mwaka uliofuata.

Sasa tazama mkono wa kulia wa daftari. Kati ya 1773 na 1787, miaka ile ile Brown na watu wake wakipanda miti na kupindisha njia, familia ilijikusanyia zaidi ya ekari 27,000 huko Karibiani, nyingi kwa kuwafilisi wadeni walioshindwa kulipa. Mashamba yalikuja pamoja na watu waliokuwa wakiyafanyia kazi. Hapo ndipo nilipojua msafara wangu hautaanzia sebuleni. Utaanzia nje, kwenye ziwa.

Ziwa la Harewood ukiliona utaapa ni la Mungu. Limejikunja kati ya vilima, miti imesimama kando kama iliyoota yenyewe. Ukweli ni kwamba kijito kilizibwa kwa tuta maji yakajaa, na ukubwa wake ni ekari 32. Kasri la zamani, Gawthorpe Hall, lililokuwa jirani na maji hayo, lilibomolewa mwaka 1773, kwa kuwa jumba jipya lilikwisha simama juu kilimani. Kijiji nacho Carr alikijenga upya nje ya geti, nyumba za mawe zimepangwa mstari kama askari wa gwaride. Kwangu mimi bustani ndiyo kazi ya werevu zaidi kuliko jumba lenyewe. Jumba linakiri kwamba limejengwa, bustani haikiri.

Nilipokuwa nikieleza hayo pale ukingoni, shangazi alinikatiza. Yeye alizaliwa katika kambi ya mkonge, babu yangu akiwa manamba, na nyumba ya meneja aliiona kwa mbali utoto wake wote.

"Mwanangu, shamba la mzungu nalijua, nimezaliwa humo. Hapa naona majani na kondoo tu. Kinacholimwa kiko wapi?"

"Kiko Barbados, shangazi. Na Jamaica."

Jibu hilo nilikuwa nimelipanga kwa ajili ya ndani ya jumba. Swali lake likalitoa pale pale, na pale ndipo lilipofaa. Nikawasomea kutoka daftarini: Bunge lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833, serikali ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wamiliki, na lodi wa Harewood wa wakati huo alipata zaidi ya pauni 26,000 kwa watu 1,277. Wale 1,277 wenyewe hawakupewa kitu. Mzee mmoja wa Mombasa akadakia kwamba hata Unguja ilikuwa hivyo hivyo, utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897 waliostahili fidia walikuwa wenye watumwa. Mjadala ukawaka kwa Kiswahili cha kila aina. Sikuuzima. Vijana walikuwa wametoa simu zao mfukoni, na safari hii ni kwa ajili ya kutafuta Barbados kwenye ramani.

Ndani sikuwa na kazi kubwa. Mtu akishajua sukari imetoka wapi, dhahabu ya Adam kwenye dari haihitaji maelezo. Kilichowashangaza zaidi ni vitambaa vya juu ya madirisha katika ukumbi mrefu wa picha: ni mbao, zimechongwa katika karakana ya Chippendale zikakunjamana kama kitambaa kweli. Mama mmoja wa Bukavu aliye fundi cherehani alisimama hapo mpaka mlinzi akaanza kumtazama. Karne ya 19 niliipita haraka; Charles Barry aliongeza ghorofa na ile baraza pana yenye vitanda vya maua upande wa kusini, inatosha. Binti Mfalme Mary, aliyeolewa katika familia hii mwaka 1922, tulimpa dakika zake kwa heshima ya waliopenda mambo ya kifalme. Kisha kodi ya mirathi: lodi wa sita alipofariki mwaka 1947, sehemu kubwa ya ardhi iliuzwa kuilipa, na mwaka 1950 milango ikafunguliwa kwa watu wa kulipa kiingilio kama sisi.

Ukitaka kuwapeleka wako, basi namba 36 kutoka Leeds linakushusha getini. Bustani na jumba huwa na tarehe tofauti za kufunguliwa, kwa hiyo zitazame kabla ya kukata tiketi. Kutoka getini hadi ziwani kuna mwendo, wazee wavae viatu vya kutembelea. Na chakula mlichofungasha kiangalieni: mwewe wekundu walirudishwa hapa kuanzia 1999 na wanazunguka angani siku nzima. Wengi husema wanakula mizoga tu, ila sambusa zetu tulizifunika.